Maziwa ya jioni yanalala ndani ya maji ya kijito, asubuhi yanakataliwa. Joto linabaki wapi?

Mfugaji wa Mlimani (#1)

Habari za jioni wakuu. Naomba tujadili jambo lililonigharimu sana mwaka huu, na naamini wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa linawatesa vilevile.

Niko Rungwe, nakamua ng'ombe wanne. Maziwa ya asubuhi hayana shida: nakamua saa kumi na moja alfajiri, saa moja yako kituoni. Shida ni ya jioni. Napata kama lita 20 na hakuna gari mpaka kesho yake. Nayatia kwenye madumu mawili ya lita 10, nayasimamisha kwenye beseni kubwa lenye maji ya kijito kama lita 40, nafunika, nalala. Alfajiri kituoni wanachota kidogo, wanachanganya na spiriti kwa kipimo sawa, wanatikisa, na chembechembe hizo hapo pembeni mwa kichupa. Yamekatika. Mwezi uliopita nimerudi nayo nyumbani siku tisa. Siku tisa za majani, pumba na usingizi wa mke wangu anayeamka kukamua pamoja nami.

Nilinunua kipimajoto ili niache kubahatisha. Maji ya kijito ni nyuzi 16. Maziwa hutoka kwenye kiwele yakiwa na nyuzi 38 hivi, nikishayachuja na kuyamimina nakuta 35. Usiku huku Tukuyu ni wa kuvaa koti. Sasa nieleweshwe: maziwa yamezungukwa na maji ya nyuzi 16, kwa nini saa tatu usiku nakuta nyuzi 27, na alfajiri 22? Baridi ya yale maji inakwenda wapi?

Mpwani Mfugaji (#2)

Pole sana mkuu. Wewe una kijito cha nyuzi 16, sisi huku Tanga mjini maji ya bomba jioni yanakaribia 28. Nafuatilia huu uzi kwa makini.

Fundi Majokofu (#3)

Mkuu pole. Kazi yangu ya kila siku ni kuhamisha joto kutoka sehemu moja kwenda nyingine, kwa hiyo ngoja nikueleze ninavyoliona, halafu unijibu maswali mawili.

Kwanza hilo neno "baridi inakwenda wapi" tuliweke kando. Baridi haisafiri. Kinachosafiri ni joto, na linatoka kwenye kilicho na nyuzi nyingi kwenda kwenye kilicho na nyuzi chache mpaka vilingane. Ulipozamisha madumu, maji hayakutia kitu ndani ya maziwa. Yamepokea. Ukilitazama hivyo, swali lako linageuka na kuwa rahisi zaidi: haya maji yana nafasi ya kupokea kiasi gani, na joto linapita njia gani kuyafikia?

Njia ni hii. Maziwa ya katikati ya dumu yanatakiwa kulisogeza joto mpaka kwenye ukuta wa dumu. Ukuta unalipitisha. Maji yaliyogusana na ukuta yanalipokea, kisha yanatakiwa kusogea ili mengine ya baridi yashike nafasi yao. Kila hatua ni kizuizi, na ukikarabati kizuizi kidogo huku kikubwa kipo, hutaona tofauti. Nimeona watu wakinunua vyombo vya bei mbaya kwa kosa hili.

Ukuta wako ni plastiki. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara 400 kuliko plastiki ya madumu. Lakini usikimbilie dukani kabla hujanijibu. Moja: maji ya beseni yanafika wapi kwenye dumu? Mbili: ulipopima, kipimajoto kilikuwa juu au chini ya maziwa?

Kijana wa Makete (#4)

Fundi nakuheshimu ila hapo kwenye "baridi haisafiri" sikubali haraka. Nikishika mpini wa mbao wa jembe alfajiri ni wa kawaida tu, nikishika bamba lake baridi inaniingia mpaka kwenye mfupa. Jembe moja, limelala mahali pamoja. Kama baridi haisafiri, ile ni nini?

Mwalimu wa Sayansi (#5)

Kijana, umeuliza swali ninalolipenda kuliko yote ninayoulizwa darasani. Chukua kipimajoto, kibane kwenye mpini, kisha kwenye bamba. Utasoma namba ileile, kwa sababu vimelala usiku mzima katika hewa moja. Vyote vina nyuzi 8, tuseme. Mkono wako una 30 na zaidi.

Ukishika mbao, joto la mkono linaingia kwenye ngozi ya juu ya ule mti na kukwama hapo, kwani mbao haipitishi. Baada ya muda mfupi sehemu uliyoshika imeshapata joto, na mkono wako hauibiwi tena. Ukishika chuma, joto linapita moja kwa moja na kuenea kwenye bamba zima, na kile unachogusa kinabaki na kiu ya joto. Ngozi yetu haipimi nyuzi. Inapima kasi ya joto kutoka mwilini, na kasi hiyo ndiyo tunayoiita baridi. Darasani njia hii tunaiita mpitisho.

Usione aibu kwa kuwaza hivyo. Wanasayansi wakubwa wa Ulaya wa karne ya 18 waliamini joto ni kimiminika kisichoonekana kinachomwagika toka kitu hadi kitu. Mwaka 1798 Count Rumford, aliyesimamia utobozi wa mizinga huko Munich, alieleza jinsi keekee butu ilivyotoa joto bila kukoma mradi farasi wanaendelea kuizungusha. Kimiminika kilichofichwa ndani ya chuma kingekwisha. Lile lilitoka kwenye msuguano, na halikuwa na mwisho.

Mfugaji wa Mlimani (#6)

Fundi, nimekwenda kupima upya jioni ya leo. Maji yanafika nusu ya dumu, beseni langu ni pana lakini fupi. Na hili ndilo lililonishangaza: saa tatu usiku maziwa ya juu yalikuwa 27, ya chini kabisa 21. Dumu moja! Siku zote nilikuwa napima juu tu.

Fundi Majokofu (#7)

Basi ugonjwa umeonekana. Maziwa yakipata joto hupanuka kidogo, yanakuwa mepesi, yanapanda. Yakipoa yanashuka. Kwenye chombo kilichozamishwa chote, mzunguko huo unakusaidia bure: ya pembeni yanapoa yanashuka, ya katikati yanapanda, yanakutana na ukuta wa baridi, yanashuka nayo. Kwako ukuta wa baridi uko chini tu. Yaliyopoa yametulia chini kama maji ya kisima, na ya moto yamekaa juu yakitazamana na hewa. Hayana sababu ya kushuka. Unaweza kuyaacha hivyo mpaka alfajiri, na bakteria wanaishi kwa raha kwenye ile nusu ya juu. Kwenye uvuguvugu kama ule wengi wao huongezeka maradufu kila nusu saa hivi.

Kwa hiyo la kwanza: maji yawe juu ya usawa wa maziwa. Hata kwa kidole kimoja, lakini juu. La pili: koroga. Mwiko mrefu uliochemshwa, kila baada ya dakika kumi kwa saa ya kwanza, na maji ya nje nayo yakoroge. Kukoroga peke yake kutakupa zaidi ya utakachopata kwa kubadili plastiki kuwa alumini.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapotezwa. Kilo moja ya maji hupokea kama kilojuli 4.2 (kilojuli ni kipimo cha kiasi cha joto) ili ipande nyuzi moja. Maziwa ni pungufu kidogo, 3.9. Lita zako 20 za maziwa zina kilo 20 na nusu hivi, kwa hiyo kila nyuzi moja unayotaka kushusha, kilojuli 80 lazima zihame. Lita 40 za maji hupanda nyuzi moja kwa kila kilojuli 168. Ukianza na maziwa ya 35 na maji ya 16, vikilingana vinakutana kwenye 22. Umeona? Ile 22 yako ya alfajiri haikuwa bahati mbaya, ndiyo mwisho wa uwezo wa yale maji. Ungeyaacha wiki nzima yasingeshuka zaidi kwa nguvu ya beseni.

Ukiweka lita 80 kwa mkupuo, vinakutana karibu na 20. Lakini sikiliza hili: chukua lita zilezile 80, zigawe mara mbili. Weka 40 za kwanza, subiri vilingane kwenye 22, mwaga. Weka 40 nyingine za nyuzi 16. Safari hii vinakutana kwenye 18. Maji yaleyale, kijito kilekile, nyuzi karibu mbili zaidi bila gharama. Maji mapya kila mara yanakutana na maziwa yakiwa na nafasi nzima ya kupokea.

Mama wa Zizi (#8)

Fundi Mungu akubariki, hii ya kugawa maji mara mbili sijawahi kuisikia na nimefuga miaka kumi na tano.

Naongeza langu kwa mdogo wangu mfugaji. Usichanganye maziwa ya moto na yaliyokwisha kupoa. Nilikuwa na jirani ambaye jioni anapoza vizuri, alfajiri anamimina ya kukamuliwa saa hiyohiyo juu yake ili abebe chombo kimoja. Lita 10 za nyuzi 6 ukizimwagia lita 10 za nyuzi 36 umepata lita 20 za nyuzi 21, na wale bakteria wachache wa usiku umewapa chakula kipya na uvuguvugu wa kukulia. Beba vyombo viwili. Kama lazima uchanganye, poza kwanza.

Na kifuniko: saa ya kwanza usikaze. Funika kwa kitambaa safi cheupe kilichochemshwa, mvuke utoke. Ukikaza mapema, mvuke unagonga kifuniko na kurudi ndani kama matone.

Kijana wa Makete (#9)

Shukrani Mwalimu, nimepima jembe alfajiri hii na kweli namba ni moja.

Sasa swali la kibiashara. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba baridi inafika mpaka jalidi asubuhi. Kwa nini nihangaike na maji? Si niweke keni ya alumini barazani usiku kucha?

Fundi Majokofu (#10)

Utapoteza maziwa, na alumini yako haitakusaidia. Hewa iliyotulia hupitisha joto mara 20 na zaidi pungufu ya maji. Halafu haina pa kuliweka: lita moja ya maji ikipanda nyuzi moja imebeba joto sawa na la lita 3,500 za hewa. Keni barazani inapozwa na tabaka la hewa linalosogea polepole kandokando yake, na hapo kizuizi kikubwa ni hewa yenyewe. Ukuta uwe alumini, uwe plastiki, utaona karibu hakuna tofauti. Hewa ya nyuzi 5 itachukua saa nyingi kufanya kazi ambayo maji ya nyuzi 14 yanaimaliza kwa saa moja ukikoroga. Na zile saa za mwanzo ndizo zinazoharibu. Maziwa mabichi yana kinga yake ya asili, lakini yakiwa na joto la kiweleni inadumu saa mbili au tatu tu. Yapoze ndani ya muda huo.

Itumie hiyo baridi ya usiku kupoza maji ya pipa. Acha pipa wazi nje usiku, lifunike asubuhi kivulini, jioni una maji ya baridi.

Mpwani Mfugaji (#11)

Na sisi wa pwani tusio na kijito wala jalidi? Babu yangu alipoza maji kwa mtungi, na nimewahi kuona watu wa Dodoma wakizungushia keni gunia lililoloa.

Mwalimu wa Sayansi (#12)

Gunia lile lina nguvu kubwa kuliko linavyoonekana. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hubeba kama kilojuli 2,400. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hubeba 334. Maana yake lita moja iliyokauka kwenye gunia imefanya kazi ya kilo saba za barafu, ingawa sehemu ya hilo joto inatoka kwenye hewa na siyo kwenye keni. Mtungi wa babu yako ni hivyohivyo: udongo unavuja jasho, jasho linakauka, joto linaondoka nalo. Ndiyo maana mtungi uliopakwa rangi ya mafuta haupozi.

Ila hewa lazima iwe kavu ili ipokee mvuke. Dodoma kiangazi inafanya kazi vizuri. Tanga, hewa imeshajaa unyevu wa bahari, gunia linabaki limeloa na maziwa yanabaki ya moto. Kwako wewe ni barafu, au kituo kilicho karibu.

Fundi Majokofu (#13)

Kwenye barafu nina onyo moja. Watu wanatia barafu kwenye beseni lililojaa maji ya uvuguvugu, kisha wanalalamika barafu imeisha na maziwa bado. Ukitaka kushusha lita 20 za maziwa kutoka 18 mpaka 4 unahamisha kilojuli 1,100 na ushei. Lita 40 za maji yanayoyazunguka nazo zitadai zake: 2,350! Umenunua barafu ya kupozea maji. Punguza maji yabaki lita 10 hivi ya kuunganisha barafu na keni, hapo kilo 5 za barafu zinatosha, ongeza kidogo kwa kinachoingia kutoka hewani. Beseni jembamba na refu ni bora kuliko pana, kwa sababu hiyohiyo: maji machache, lakini yanafika juu.

Na barafu ikiwa bado inayeyuka, maji yake yatasoma sifuri au karibu na hapo hata kama inameza joto kila sekunde. Joseph Black wa Glasgow aliliona hilo miaka ya 1760: barafu inapokea joto bila kipimajoto kusogea, mpaka kipande cha mwisho kiyeyuke. Ndiyo faida yake juu ya maji ya baridi. Maji yanapokea huku yanapanda, barafu inapokea imesimama palepale.

Msichana wa Kiwandani (#14)

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha maziwa, upande wa mashine. Ile hesabu ya Fundi ya kugawa maji mara mbili, sisi tunaifanya mpaka mwisho wake. Maziwa yanapita katikati ya sahani nyembamba za chuma kisichoshika kutu, na upande wa pili wa kila sahani maji ya baridi yanapita yakielekea kinyume. Maziwa yanayokaribia kutoka, ambayo yameshapoa, ndiyo yanayokutana na maji ya baridi kabisa. Yanayoingia ya moto yanakutana na maji yaliyokwisha kupata joto, lakini nyuzi zake bado ziko chini ya zile za maziwa. Kwa hiyo hakuna mahali ambapo safari ya joto inakosa mteremko. Ndiyo kama kugawa maji mara elfu.

Tunapochemsha kuua vijidudu, nyuzi 72 kwa sekunde 15, yale yanayotoka yakiwa ya moto yanapitishwa jirani na yanayoingia ya baridi. Zaidi ya asilimia 90 ya joto linarudi kazini badala ya kununuliwa upya. Nilipoelewa hili nilisimama mbele ya ile mashine nikiiangalia upya kabisa.

Kijana wa Makete (#15)

Naomba kuuliza jambo moja la mwisho. Jirani ana friza. Nimesikia eti maziwa ya moto yanaganda haraka kuliko ya baridi, ni kweli au hadithi?

Mwalimu wa Sayansi (#16)

Hiyo imetoka kwetu hapa Tanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba Sekondari, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Nafasi zilikuwa zinaisha, yeye akaweka yakiwa ya moto. Yake yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha. Alipofika Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mtaalamu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, mbele ya wanafunzi wengine. Wenzake walimcheka, Osborne akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Leo dunia nzima inaliita tukio hilo kwa jina la Mpemba.

Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 watafiti walirudia vipimo kwa uangalifu na hawakuona maji ya moto yakiwahi kupoa. Walionyesha pia kwamba kukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini kunaweza kugeuza jibu, kama alivyoona mwenzetu kwenye dumu lake: juu 27, chini 21. Wengine wanataja uvukizi, wengine mzunguko wa ndani ya chombo. Ninachokushauri wewe: usiweke maziwa ya moto kwenye friza la jirani. Utapasha kila kitu kilichomo.

Mfugaji wa Mlimani (#17)

Wakuu, narudi na majibu baada ya wiki mbili.

Nimekata pipa la plastiki la lita 100, limekuwa tangi refu jembamba. Nimeazima keni moja ya alumini ya lita 25, maji yanaipita maziwa kwa vidole viwili. Maji mara mbili, nakoroga kila dakika kumi, mtoto wangu wa darasa la sita anashika saa na kuandika nyuzi kwenye daftari. Saa moja na nusu baada ya kukamua tunakuta 19, juu na chini sawa. Ile 18 ya Fundi hatujaifikia, nadhani kwa sababu tunamwaga maji ya kwanza mapema kidogo.

Kisha natoa maji yanabaki kama lita 10, naweka chupa nne za lita moja na nusu zilizogandishwa kwa jirani, nje ya keni. Usiku nafunika tangi lote kwa gunia la pumba za mpunga. Saa kumi alfajiri: nyuzi 7.

Siku 14, yamekataliwa mara moja, na siku hiyo umeme ulikatika chupa hazikuganda. Fundi, unene wa gunia la pumba unatosha hivyo au niongeze? Kuna sehemu chini ya tangi ambako nahisi joto la sakafu ya saruji linapanda.

Fundi Majokofu (#18)

Hongera sana mkuu, na mpongeze mtoto kwa daftari. Gunia linatosha. Chini weka mbao mbili kavu, tangi lisiguse saruji, na katikati ya mbao jaza pumba kavu. Zikiloa zibadilishe, pumba mbichi zinapitisha.